Sura ya Tano: Mshahara wa Mwezi Uliopita

Ruhuwiko iko magharibi mwa mji wa Songea, upande wa kwenda Mbinga. Mgeni anaifahamu kwa sababu ya uwanja wa ndege; mwenyeji atakutajia pia kambi ya jeshi na sekondari iliyo chini ya JWTZ. Anayeugua huku ana njia kadhaa. Anaweza kupanda bodaboda hadi mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo watu wa Songea wanaiita Homso. Akiwa na nauli na nafasi, anaweza kwenda Peramiho, kilomita kama 24 kutoka mjini, kwenye hospitali ya Mtakatifu Joseph ya Wabenediktini. Lakini homa ikipanda saa moja jioni, mtoto analia na duka linataka kufungwa, mzazi wa Ruhuwiko hufanya wanachofanya wazazi wa Tanzania nzima: anaingia kwenye zahanati au kliniki binafsi iliyo karibu, bila ahadi na bila barua ya rufaa, akiwa na hela iliyomo mfukoni au kadi ya bima.

Sura hii inamhusu mtu anayemkuta ndani.

Mara nyingi ni kijana. Ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu, au muuguzi mkunga. Chumba cha pili yuko mteknolojia wa maabara na darubini yake. Wagonjwa wanawaita dokta na sista bila kuuliza cheti kinasemaje, na wanawaamini. Wasichokijua ni kwamba huyo aliyevaa koti jeupe huenda aliingia zamu jana asubuhi, hana mkataba wa maandishi, na leo tarehe 20 bado anasubiri mshahara wa mwezi uliopita.

Nianze na huo mshahara, maana mengine mengi yanatokana nao.

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mvua zikishika, mbu wanazaliana, na Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ambako malaria bado ina nguvu. Foleni za zahanati zinarefuka. Ndicho kipindi hicho hicho ambacho kaya ya mkulima imeshamaliza akiba: hela imekwenda kwenye mbolea na mbegu, Januari imekuja na sare na michango ya shule, na mahindi bado yako shambani. Hela inarudi baada ya mavuno, Julai na kuendelea, wanunuzi wa mahindi na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wanapoanza kununua. Kwa hiyo wagonjwa ni wengi wakati mifuko ni mitupu, na hela ipo wakati wagonjwa wamepungua.

Muuguzi wa Homso anaishi nje ya mzunguko huu kwa upande mmoja: mshahara wake unatoka Hazina, mvua inyeshe isinyeshe. Mwenzake wa kliniki binafsi analipwa kutokana na makusanyo ya dirishani. Mwenye kliniki anapofunga hesabu za Februari, wa kwanza kulipwa ni mwenye nyumba, kwa sababu anaweza kufunga mlango. Anafuata msambazaji wa dawa na vitendanishi, kwa sababu bila yeye hakuna biashara. Kisha umeme. Mfanyakazi anabaki wa mwisho kwa kuwa ndiye anayevumilia. Anapewa elfu hamsini leo, nyingine wiki ijayo, na ahadi kwamba bima ikilipa watamaliziana. Kwa maneno mengine, kijana aliyetoka chuoni juzi ndiye anayeikopesha kliniki mtaji wake wa uendeshaji, bila riba wala dhamana, na wala hajaulizwa kama anataka kukopesha.

Siwaoni wamiliki wote kuwa watu wabaya. Wengi ni madaktari na wauguzi wastaafu waliotia kiinua mgongo chao kwenye nyumba ya vyumba vitano, na wao wenyewe wanalala na madeni. Tukitaka kuelewa walivyofika hapo, turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi iliamua kwamba tiba isiwe bidhaa, na mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kudhibiti hospitali binafsi iliyozuia tiba ya kibiashara. Hospitali za madhehebu zilibaki. Mwaka 1991 sheria hiyo ikarekebishwa, na mtaalamu aliyesajiliwa akaruhusiwa tena kufungua kituo chake kwa kibali cha Wizara ya Afya. Miaka miwili baadaye Serikali ikaanza uchangiaji wa gharama kwenye hospitali zake. Milango ya zahanati binafsi ikafunguka mtaa kwa mtaa, na imejaza pengo ambalo hakuna aliyekuwa akilijaza saa za jioni. Lakini zilifunguliwa na watu waliosomea kutibu, ambao hakuna aliyewafundisha kuajiri.

Upande wa waajiriwa nao una historia yake. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, kisha 2017 ukaja uhakiki wa vyeti. Vyuo vya afya havikusimama kutoa wahitimu. Tangu hapo nchi imekuwa na hali inayouma kuitazama: zahanati za umma zenye upungufu wa watumishi, na nje yake maelfu ya vijana wenye leseni wasio na kazi. Kijana anayesubiri tangazo la ajira za Serikali hawezi kukaa bure. Ujuzi unachuja na leseni inadai pointi za mafunzo. Anakwenda kwenye kliniki na kuomba kujitolea. Anajitolea miezi mitatu, wanampa posho ya nauli, wanamwongezea majukumu, na mwaka unapokatika bado anaitwa wa kujitolea ingawa ndiye anayefungua kliniki asubuhi na kuifunga usiku. Penye watu wengi wanaotafuta nafasi moja, hakuna anayeuliza habari ya mkataba. Akiuliza, anaambiwa wapo wengine mlangoni.

Sheria lakini ipo, na kwa karatasi ni nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inaweka saa 45 za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku. Hata kukiwa na kazi ya ziada, mtu hapaswi kuzidisha saa 12 kwa siku moja, na saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne, kila saa ikilipwa mara moja na nusu. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine apumzike saa 12. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi anastahili nyongeza ya asilimia 5. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangiwi usiku. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84.

Sasa chukua ratiba ya kliniki inayojitangaza kwa bango kwamba iko wazi saa 24. Ikama ya Wizara ya mwaka 2014 ilikadiria kwamba zahanati inahitaji watumishi 15 hadi 20. Zahanati nyingi ndogo za binafsi zinaendeshwa na watu wasiofika hata nusu ya hao. Piga hesabu mwenyewe. Wiki ina saa 168. Tabibu mmoja akifanya saa 45 za kisheria, unahitaji karibu matabibu wanne ili kiti kimoja kisikae wazi, kabla hujafikiria likizo wala ugonjwa. Kliniki yenye matabibu wawili na bango la saa 24 imekwisha kuvunja sheria kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Zamu ya saa 24 mfululizo, ambayo wengi wameizoea hadi wanaiona ya kawaida, haimo popote katika sheria hiyo. Na zamu hiyo haiishii kwenye uchovu wa mtu mmoja. Saa 10 alfajiri ndipo anapoletwa mtoto mwenye degedege, na dozi yake inapigwa kwa kilo za mwili wake, na anayeipiga hesabu hajalala tangu jana.

Yuko pia yule anayetoka kituo cha Serikali saa 9 alasiri na kuingia kliniki binafsi saa 10 kupiga patitaimu. Bila yeye kliniki nyingi zingefungwa jioni. Mwajiri wa kwanza hahesabu saa za wa pili, na wa pili hahesabu za wa kwanza. Mwili wake tu ndio unaozihesabu zote.

Kuna jambo ambalo wahudumu wenyewe wanalisema kwa sauti ya chini, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Ni malipo yanayofuata makusanyo. Katika baadhi ya kliniki mshahara wa msingi ni mdogo, kisha kuna motisha: kwa kila mgonjwa aliyeonwa, kwa kila kipimo kilichoagizwa, kwa kila mgonjwa aliyelazwa kwa drip. Pengine hakuna motisha, ila kila jioni kuna ujumbe kwenye kundi la WhatsApp unaotaja mapato ya siku na kuuliza kwa nini yameshuka. Tabibu anaelewa maana yake bila kuelezwa.

Mgonjwa anaingia na mwili unaouma na homa ya siku mbili. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana. Mwongozo unamtaka tabibu amchunguze vizuri na, pengine, ampe paracetamol na kumwambia arudi asipopata nafuu. Ushauri huo unaiingizia kliniki hela kidogo sana. Kwa hiyo anaandikiwa kipimo cha Widal, na Widal ni kipimo dhaifu: mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani anaweza kuonekana anayo leo. Anaambiwa ana taifodi. Anaongezewa kipimo cha mkojo, na anaambiwa ana UTI. Anatoka na dawa mbili za antibiotiki na miadi ya sindano ya ceftriaxone kwa siku tano.

Wakati mwingine msukumo unatoka kwa mgonjwa.

"Dokta, naomba na sindano. Vidonge havinishiki."

"Mama yangu, kwa hali hii sindano huihitaji."

"Kule nilikokwenda mwaka jana walinichoma, nikapona siku ile ile."

Tabibu mwenye mshahara wa uhakika anaweza kukaa dakika kumi na kumweleza mama huyo. Anayelipwa kwa makusanyo, mwenye kodi ya chumba ya kulipa Ijumaa, akijua kwamba mama akitoka hapa atakwenda mlango wa pili, anachoma. Sisi tunalalamika kwamba taifodi na UTI zimekuwa kila mahali, na wataalamu wanatuonya kuhusu vijidudu sugu. Waulizwe pia wahudumu wanalipwaje. Utaratibu wa malipo unaingia moja kwa moja kwenye cheti cha dawa.

Bima nayo imeleta mzigo wa aina yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi 2001, na kwa kliniki iliyo jirani na watumishi wa umma, kadi hiyo ni roho ya biashara. Huduma inatolewa leo, madai yanapelekwa mwisho wa mwezi, malipo yanafika baadaye. Fomu ikikosa sahihi, au dawa isipolingana na ugonjwa ulioandikwa, Mfuko unakata. Baadhi ya wamiliki wanayahamishia makato hayo kwenye mshahara wa aliyejaza fomu. Hapa sheria inasema wazi: fidia ya hasara haikatwi mshahara mpaka ithibitike kwamba hasara ilitokana na kosa la mfanyakazi na yeye akubali kwa maandishi, na hata hivyo makato yasizidi robo ya mshahara. Muuguzi aliyekuwa anaona wagonjwa arobaini peke yake akasahau sahihi moja, kosa ni lake au la aliyempanga peke yake? Mimi nasema ni la aliyempanga.

Machi 2024 mvutano huu ulionekana hadharani. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha bei tarehe 1 mwezi huo. Chama cha watoa huduma binafsi, APHFTA, kikasema bei nyingine hazifidii gharama, na hospitali kubwa kadhaa za binafsi zikasimamisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa siku kadhaa. Yalizungumzwa mengi kuhusu bei ya dawa na bei ya kumwona daktari. Mshahara wa anayetoa huduma haukupata nafasi katika mabishano hayo, ingawa ndio unaopunguzwa wa kwanza bei inapobanwa.

Tusidhani ni shida ya nchi maskini peke yake. Marekani, Walmart, kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani, ilifungua kliniki za kuingia bila miadi kando ya maduka yake. Aprili 2024 ilitangaza kuzifunga zote 51, ikisema malipo ya bima na gharama zinazopanda vimefanya biashara isilipe. Kama Walmart imeshindwa, tusishangae mstaafu wa Songea anapohangaika. Katika nchi hiyo hiyo, Oktoba 2023, mamia ya madaktari na watoa huduma wa kliniki za Allina Health, Minnesota na Wisconsin, walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Watu wanaolipwa mara nyingi zaidi ya tabibu wetu walilalamikia uhaba wa wasaidizi, uchovu na kukosa sauti katika maamuzi ya kazi yao.

Nairobi kuna kampuni iitwayo Penda Health, yenye kliniki za mtaani zinazotegemea zaidi maofisa tabibu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika kliniki zake 15, mahudhurio 39,849, ambamo programu ya akili unde ilikuwa inamtazamia tabibu kazi yake na kumtahadharisha pale anapoonekana kukosea. Waliokuwa nayo walifanya makosa machache zaidi ya utambuzi na ya matibabu. Wengi walivutiwa na programu. Mimi nilivutiwa na jambo jingine: inaonyesha jinsi tabibu wa kliniki ya mtaani alivyo peke yake. Hospitalini akitilia shaka, anatoka na kumwuliza mwenzake. Kwenye zahanati ya vyumba vitano, saa 5 usiku, hana wa kumwuliza ila simu yake. Mmiliki asiyeweza kununua programu anaweza kuweka namba ya daktari mmoja anayelipwa kupokea simu usiku. Ni gharama ndogo, na ingeokoa watu.

Kuna hatari za mwili pia. Anayejichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Chanjo ya homa ya ini B inazuia ugonjwa mwingine unaoambukizwa kwa sindano hiyo hiyo. Kila kliniki ingepaswa kumchanja mhudumu kabla hajashika sindano ya kwanza, na kumsajili katika mfuko wa fidia, WCF, unaotokana na sheria ya 2008. Asiyesajiliwa WCF wala mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, akijichoma, anajitibu kwa hela yake, na wengi wananyamaza kwa kuogopa kuonekana wazembe. Ongeza muuguzi wa kike anayebaki peke yake usiku bila mlinzi, kisha anatafuta bodaboda gizani.

Kwa nini hawapazi sauti? Kwanza, huduma za afya zimo katika orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazizuia kugoma, na sidhani kizuizi hicho ni kibaya chenyewe. Kibaya ni kumnyima mtu mgomo bila kumpa njia nyingine inayofanya kazi. Pili, kuunda chama cha wafanyakazi kunahitaji waajiriwa wasiopungua 20, na kliniki hazina watu hao. Hakuna kinachozuia wahudumu wa zahanati kumi wasijiunge kwa pamoja na TUGHE, chama ambacho tayari kinawakusanya wafanyakazi wa afya, lakini lazima mtu awafuate waliko. Tatu, mwenye kazi ya chini ya miezi sita hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na wapo waajiri wanaojua kuhesabu miezi mitano.

Kwa upande wa viwango kuna nafuu kidogo. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kwa sekta binafsi ilitangazwa nyongeza kutoka wastani wa 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 2026. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili inaeleza kwa nini kila tangazo la ajira za Serikali linaondoka na wahudumu wa kliniki binafsi. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kila mwezi anakuta sura mpya, na anaanza kujieleza upya.

Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kliniki binafsi zitakuwa sehemu kubwa ya utekelezaji wake. Hapo ndipo pa kubana. Mfuko wowote wa bima kabla haujasaini mkataba na kituo unakagua majengo, maabara na leseni. Uombe pia mikataba ya ajira, ratiba za zamu za miezi mitatu na stakabadhi za NSSF. Kituo kisichonazo kisilipwe hela ya wanachama mpaka kizilete. Na Mfuko, kwa haki hiyo hiyo, uyalipe madai kwa wakati, kwa sababu kila siku unayochelewa inaishia kwa yule anayesubiri tarehe 20.

Kwa ndugu yangu unayesoma haya ukiwa zamu: dai mkataba wa maandishi, ni haki yako chini ya sheria ya 2004. Andika saa unazoingia na kutoka katika daftari lako mwenyewe. Tunza ujumbe wa simu unaohusu mshahara. Mambo yakishindikana, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na unaweza kwenda bila wakili. Anzia na fomu namba 1. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, mshahara usiolipwa ukiwamo, ndani ya siku 60.